Meza ya alumini ndani ya tela: rangi ilinishinda, msasa ukakubali

Ukifungua kabureta ya mashine ya boti ufukweni, unataka meza inayoonesha kila kitu. Jeti yake, kile kijipande chenye tundu la kupitishia petroli, ni ndogo kama punje ya mchele. Ikidondoka kwenye mbao iliyokolea oili nyeusi, asubuhi nzima inaishia kuitafuta. Mimi natengeneza mashine za wavuvi nikizunguka na tela: Kunduchi, Mbweni, na mara moja kwa wiki Bagamoyo. Kwa miaka minne meza ya humo ndani ilikuwa plaiwudi tupu. Ilikunywa petroli, ikanywa oili, ikanywa maji ya chumvi, mpaka harufu yake ukaisikia hata mlango ukiwa umefungwa.

Nikanunua shiti la alumini la milimita 3, nikakatiwa kipande cha sentimita 180 kwa 60. Kipande hicho kina uzito wa karibu kilo 9. Cha chuma cha ukubwa huohuo kingefika kilo 25, na pikapu inayovuta tela tayari imebeba mashine mbili tatu za watu. Kukata na kukunja ukingo wa mbele hakukuchukua hata saa moja. Kilichonila miezi mitatu ni kuumalizia uso wake.

Alumini tupu inachafua. Chukua sufuria mpya, uifute kwa kitambaa cheupe, uone kitatoka na rangi gani. Meza ilinitia weusi viganjani, kwenye mikono ya shati, hata kwenye gasketi mpya kabla sijaifunga. Nikaona dawa yake ni rangi. Nikapuliza praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, kisha rangi ya kijivu mara mbili, ikapendeza sana.

Haikumaliza mwezi. Alumini ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba wa oksaidi, na rangi haiushiki vizuri mpaka utangulize praima yenye asidi ya kuung'ata utando huo. Mimi nilitumia praima ya chuma. Lakini hata ile iliyo sahihi isingeniokoa na petroli. Kila nilipomwaga bakuli la kabureta rangi ililainika, na spana ikipita hapo inaikwangua. Kwenye mkwaruzo chumvi ikaingia. Siku niliyobandua ganda moja la rangi kwa kucha nilikuta chini yake unga mweupe kama chokaa, na chini ya unga vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano. Roho iliniuma. Shiti lilikuwa linaliwa mahali nisipoweza kuona, na rangi niliyoiweka kulilinda ndiyo iliyokuwa inaficha.

Nikaitoa rangi yote. Kisha nikajaribu kuing'arisha meza iwe kama kioo, kwa siku mbili, kwa dawa ya kung'arishia na gurudumu la kitambaa. Saa sita mchana mlango ukiwa wazi jua lilinirudia machoni, na kila skrubu iliyoburuzwa iliacha mstari unaoonekana toka mbali.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayetengeneza sufuria. Aliipitisha mkono ile meza, akasema, "Mwanangu, unapigana na mikwaruzo. Wewe itangulie. Ipige yote iende njia moja, na itakayokuja baadaye itajificha humohumo."

Nikafuata. Kwanza nilifuta meza nzima kwa thina, nikabadilisha vitambaa mpaka kikatoka safi, kwa sababu ukipiga msasa juu ya mafuta unayashindilia kwenye mikwaruzo. Nikafunga msasa namba 120 kwenye kibao bapa chenye urefu wa kiganja na nusu, nikalowesha kwa mafuta ya taa, mbali na moto wowote. Mafuta ya taa yanazuia alumini isigande kwenye msasa, na vumbi halipandi puani. Nikavuta kwa urefu wa meza, kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili bila kusimama katikati, maana ukisimama unaacha alama ya kituo. Mashine ya msasa sikuigusa, inaacha viduara. Baada ya 120 nikaenda 220, nikamalizia 320. Juu ya hapo sikupanda, kwani uso ukizidi kuwa laini unarudi kwenye ule ukioo.

Kingo nilizipiga tupa, nayo niliipaka chaki kwanza ili meno yake yasizibe. Stilwaya ya kusugulia vyombo usiikaribishe kabisa. Inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kwa hewa ya pwani utaona madoa ya kutu baada ya siku chache. Vilevile jiwe la grainda la kusagia chuma halifai, alumini inayeyukia humo na kuliziba, nalo likizibwa na kupata moto linaweza kupasuka.

Kisha nikaosha kwa maji na sabuni ya kawaida, nikakausha, nikapaka nta ya magari mara mbili. Nta ndiyo iliyomaliza ule weusi wa mikononi. Petroli inaiondoa, ni kweli, lakini kuirudisha ni dakika tano na kitambaa, wakati rangi ikiharibika unaanza upya.

Wakati wa kuifunga tena nilirekebisha jambo jingine. Fremu ya tela ni chuma, na alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Nilikata vipande vya plastiki kutoka kwenye dumu kuukuu nikaviweka katikati, nikatumia bolti zisizoshika kutu zenye washa za plastiki. Matundu niliyarefusha kidogo kwa tupa ya mviringo, kwa sababu alumini kwenye joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Mwanzoni nilikuwa nimeikaza kila upande, na mchana ikawa inavimba katikati na kugonga kama debe.

Sasa jioni naimwagia maji baridi, naikausha. Doa jeupe la chumvi nalisugua kwa nusu ndimu kisha naosha. Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha aliangusha betri, ikaacha mchubuko karibu na jiliwa, kile kifaa cha kubania vitu mezani. Akaja na uso umemshuka. Nikampa kibao, kipande cha 220 na cha 320, nikamwonesha mistari inakoelekea. Nilipomaliza kufunga plagi za mashine niliyokuwa natengeneza nikamuuliza betri ilipoangukia, ikabidi ainame kuitafuta alama.