Galoni 40 za Maji Katika Trela Letu

Nyumbani nilikokulia, Dar es Salaam, hakuna aliyehitaji kifaa cha kujua maji yaliyobaki kwenye tangi la uani. Mama aligonga ubavu wa tangi kwa kifundo cha kidole, akianzia juu na kushuka polepole, na pale mlio wa utupu ulipogeuka kuwa mzito ndipo maji yalipoanzia. Trela la kulala safarini tunalolivuta siku hizi kutoka Texas, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, lina tangi la maji safi la galoni 40, yaani lita 151 hivi, lakini tangi hilo haligongeki. Limefungwa chini ya sakafu na kufunikwa kwa plastiki ngumu, na kinachotuunganisha nalo ni kitufe kimoja ukutani karibu na jiko, chenye taa nne: tupu, theluthi moja, theluthi mbili na kujaa. Kwa mwaka mzima niliziamini taa hizo.

Zilituangusha tukiwa La Posa, jangwani karibu na Quartzsite, Arizona. Hiyo ni ardhi ya serikali ambako watu wengi hupiga kambi majira ya baridi, kila mmoja akitumia maji aliyokuja nayo, kwa kuwa mahali unapoegesha hapana bomba. Usiku wa nne taa ilionyesha theluthi mbili. Binti yetu alikuwa na povu la sabuni kichwani wakati mlio wa pampu ulipobadilika. Bomba likakohoa, likatema hewa na matone machache, kisha likakauka huku pampu ikiendelea kunguruma. Nilizima swichi haraka, kwa sababu pampu inayozunguka bila maji hupata moto na kuharibika, na mama yake akamsuuza kwa chupa za maji ya kunywa. Nilipobonyeza kitufe tena, taa ilisema bado tuna theluthi mbili.

Niliporudi nyumbani nilitafuta sababu. Kwenye ubavu wa tangi kama letu kuna skrubu kadhaa za chuma, moja karibu na kitako cha tangi na nyingine juu yake kwa kupanda. Maji yakizifunika, umeme mdogo sana hupita kati yake na taa huwaka. Kwa hiyo kifaa hiki hakipimi kiasi cha maji; kinajua tu kama skrubu fulani imelowa au haijalowa. Chumvi za maji magumu zikiganda ukutani, au ukuta ukibaki na utando wa unyevu, umeme hupita hata baada ya maji kushuka, na taa huendelea kuwaka. Hata kifaa kikiwa kizima, kati ya taa moja na nyingine kuna galoni nyingi zisizoonekana.

Ndipo nilipoamua kulipima tangi kwa ndoo. Niliegesha trela mahali palipo tambarare, kwa sababu likiinama upande mmoja skrubu husoma vibaya, nikafungua koki ya chini hadi tone la mwisho, kisha nikamimina ndoo za galoni 5 moja baada ya nyingine huku mwanangu wa kiume akibonyeza kitufe ndani na kunipigia kelele za majibu. Taa ya theluthi moja iliwaka kwenye ndoo ya tatu, ya theluthi mbili kwenye ndoo ya sita, na ya kujaa kwenye ndoo ya nane. Maana yake, tunaposoma theluthi mbili tunaweza kuwa na galoni 38 au galoni 27, na tofauti hiyo ni zaidi ya matumizi yetu ya siku nzima. Karatasi ya vipimo hivyo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, na chini yake tunaandika kila siku tulichotumia. Familia yetu, tukioga kwa kufungua na kufunga maji, hutumia galoni 9 kwa siku. Mimi huisoma karatasi kwanza, taa baadaye.

Kujaza nako kunahitaji utulivu. Trela letu lina midomo miwili ya maji, na mgeni huichanganya kwa urahisi. Mmoja hupokea presha ya bomba la kambi na kupeleka maji moja kwa moja kwenye mabomba ya ndani bila kupitia tangi; hapo hufungwa kipunguza presha, kwani baadhi ya kambi zina presha ya kupasua viungo vya plastiki. Mwingine ndio wa tangi. Huo ukiujaza kwa pupa, hewa iliyomo hukosa pa kutokea kwa kasi ya kutosha na maji hurudi kukumwagikia miguuni, ukadhani tangi limejaa kumbe halijafika nusu. Mimi hutumia mpira mweupe uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, kwa kuwa mpira wa bustani huacha ladha, nauacha umwage kidogo kwanza, kisha nafungulia nusu. Kabla ya hapo najaza ndoo moja kwa saa mkononi: ikichukua sekunde 75, bomba linatoa galoni 4 kwa dakika, na tangi tupu litahitaji dakika 10. Maji yakianza kutiririka kwenye kibomba cha chini cha kutolea hewa, limejaa kweli.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote ni uzito. Galoni 40 ni kilo 151, na katika trela letu uzito huo umekaa nyuma ya ekseli, hivyo hupunguza mzigo unaokandamiza kiungo cha trela na gari. Mzigo huo unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela. Ukishuka chini ya hapo, trela huanza kuyumba kwenye barabara kuu, na nimeuona mkia wake ukicheza kwenye kioo. Tangu hapo tunasafiri na maji kidogo na kujaza karibu na tunakokwenda.

Kila mwanzo wa msimu tunasafisha tangi kwa dawa ya klorini isiyo na manukato, robo kikombe kwa kila galoni 15, tunailaza usiku kucha na kusuuza hadi harufu iishe.

Mwezi wa pili tulirudi La Posa. Asubuhi ya siku ya nne taa ilikuwa bado kwenye theluthi mbili, karatasi ikasema zimebaki galoni 13, nasi tukaunganisha trela tukaenda kujaza.