Minazi mpaka Taru

Jana usiku nilifuta minazi mia mbili na kitu. Nilikuwa nimeipanda mwenyewe, mmoja mmoja, kando ya reli kutoka Changamwe mpaka Taru, nikaiona imependeza. Babu akaitazama kwenye skrini, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, waniwekea minazi mpaka Taru? Ile ni nyika. Ukishapita Mariakani minazi yakuaga, yabaki miiba na mibuyu."

Ni mwezi wa saba sasa naitengeneza reli ya zamani, ile nyembamba ya upana wa mita moja, ndani ya Open Rails, programu ya bure ya kuendesha treni kwenye kompyuta. Nimeanzia stesheni ya Mombasa mjini, na nikijaaliwa nitafika Voi. Nairobi ni kilomita mia tano na zaidi. Hiyo siitaji kwa sasa.

Ardhi nimeitoa kwenye vipimo vilivyochukuliwa kutoka angani mwaka 2000. Kila kipimo kiko mita 30 hivi kutoka kwa mwenzake, na mahali waliposhindilia tuta au kuchimba kilima ili reli ipite ni pembamba kuliko hapo. Kwa hiyo kompyuta haipaoni. Nilipolaza reli mara ya kwanza ilipanda na kushuka kama leso iliyoanikwa penye upepo. Nimekaa wiki tatu na kipande cha karibu na Mazeras peke yake, pale njia inapojizungusha kilimani na kupita juu ya yenyewe ili ipate kupanda taratibu. Nilikwenda mwenyewe na daftari. Nikapima kwa hatua, nikainama kutazama mataruma ya chuma yalivyopinda ncha zake kuingia kwenye kokoto, nikapiga picha za kutu. Kutu ya huku pwani ina wekundu wake, na sikutaka kuikisia.

Lakini kilichonikosesha usingizi zaidi ni mwaka. Ukisema reli ya Mombasa, sharti useme ya lini. Kazi ilianza hapa 1896, ikafika Kisumu 1901, na tangu hapo haijatulia. Kabla ya tuta la Makupa, la mwaka 1929, treni ilitoka kisiwani kwa daraja. Leo Makupa pana madaraja mapya, na tangu 2017 abiria wa Nairobi hupandia Miritini, kwenye reli nyingine kabisa. Huwezi kuviweka vyote pamoja; utakuwa umechora mahali ambapo hapajawahi kuwepo.

Nimechagua 1972. Mwaka ule Babu alikuwa faimani kijana, yaani mchochea moto wa injini, shirika la reli lilikuwa bado moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania (lilivunjika 1977), na zile Garratt kubwa, injini za mvuke, zilikuwa bado zinafanya kazi. Zilikuwa 34, zimeundwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya hamsini, kila moja ina jina la mlima, rangi yake damu ya mzee. Uzito wake unapita tani 250. Boila limening'inia katikati, na mbele na nyuma kuna seti ya magurudumu yenye silinda zake. Moja, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nilisimama kando yake nusu siku nzima.

Na bado nilikosea. Faimani wangu nilimpa sepetu na makaa. "Makaa ya nini?" Babu akauliza. "Sisi twachoma mafuta." Akachukua kijiko cha chai, akachota sukari, akakisogeza mbele ya mdomo wa kikombe polepole. Mabomba ya boila yakishika masizi, akanieleza, wachota mchanga, wausogeza kwenye tundu la tanuri, moto wenyewe wauvuta, wayasugua mabomba, na juu latoka wingu la moshi mweusi ti. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa wakati anaonyesha, mkono ambao siku hizi humwaga chai.

Baadaye akaniambia nizime taa, niwashe treni, nisimwonyeshe kitu. Tukapita Miritini. Tulipofika kwenye mpando akatikisa kichwa.

"Hapa hatupandi."

Nikamwambia mpando upo, nimeupima.

"Mpando upo. Pumzi haipo. Hii ni injini moja yalia. Ile zilikuwa mbili chini ya boila moja, na hazilingani. Mara zapiga pamoja, mara moja yaiacha nyengine, kisha yarudi kuipata. Hivyo ndivyo tulivyojua kazi imeanza."

Akaweka viganja viwili mezani akaanza kupiga, kulia na kushoto, pamoja kwanza, kisha kushoto ikachelewa kidogo kidogo mpaka ikawa mapigo manane badala ya manne, kisha yakakutana tena. Alifumba macho. Sikuthubutu kumkatiza, niliisogeza simu karibu na mikono yake nikarekodi.

Ni dakika nne na sekunde kumi na moja. Usiku huu nimeigawa sauti yangu iwe mbili, ya mbele na ya nyuma, na ninazipima kwa viganja vya Babu.