Faili la kahawa niliambiwa nilifute

Kama kuna ushauri uliowahi kuniudhi hapa Moshi ni huu: "Futa hizo kaya zenye namba za ajabu, utabaki na data safi." Nimeusikia kwa zaidi ya mtu mmoja, tena watu wenye shahada za kunizidi. Ningewafuata ningekuwa nimewafuta akina mama karibu wote waliomo kwenye faili, na hao ndio walionituma.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka ya nyuma ulipita mradi mmoja wenye magari meupe, upande wa Kibosho na Uru. Wakahoji kaya kwa kaya: migomba, miti ya kahawa, mahindi ya shamba la tambarare, maharage, ng'ombe, nani anasoma, nani yuko Dar. Wakaandika ripoti yao ya Kiingereza, wakafunga ofisi, wakaondoka. Waliohojiwa hawakuona hata karatasi. Sasa kuna kikundi cha akina mama kule juu kilikuwa kinapigania waandikishwe kwenye chama cha msingi cha ushirika wa kahawa kwa majina yao wenyewe, si kwa majina ya waume zao. Wakajua mimi nimewahi kuwa mdadisi na kwamba naiweza Excel kidogo. Wakaniuliza swali ambalo ningeona aibu kulikwepa: yale majibu tuliyowapa yako wapi?

Kulipata faili ilikuwa barua pepe na subira tu. Aliyekuwa mkuu wa mradi alijibu kwa mstari mmoja: tumia, ila usimpe mtu yeyote likiwa na majina. Akaambatanisha faili. Dodoso hakuna, mwongozo hakuna, orodha ya misimbo hakuna. Vichwa vya safu vilikuwa q14b, q14c, q22_oth, na chini yake namba tupu kuanzia juu hadi mwisho.

Mtu aliyezoea data za Ofisi ya Taifa ya Takwimu anadeka, sikatai. Chukua ule utafiti wao wa kufuatilia kaya, ulioanza 2008/09 na kaya 3,265. Unajisajili, unaandika unataka kuifanyia nini, unapakua bila kulipa, na dodoso unalikuta humohumo. Mshauri mwingine akaniambia, "Si utumie hiyo basi, uachane na takataka za watu?" Kaka, sampuli ile ilichaguliwa iseme habari za nchi, mjini na vijijini. Haikuchaguliwa iseme habari za kata moja ya Moshi Vijijini. Ukichuja mpaka ufike kwenye mteremko wetu unabaki na kaya za kuhesabu kwa vidole. Namba nzuri ya mahali pengine haikusaidii kitu kwenye kikao cha chama.

Basi nikakaa na takataka zangu.

Kahawa haikunisumbua kwenye vipimo. Hii ni nchi ya KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, tangu 1933 watu wanapeleka kahawa chamani na inapimwa kwa kilo, kwa hiyo hata bibi asiyejua kusoma anakutajia kilo alizouza. Mahindi na maharage ndiyo balaa. Safu ya q14b ilikuwa na kiasi, q14c ilikuwa na msimbo wa kipimo: 1, 3, 5, 7. Kaya moja imeuza 12 za msimbo 5, nyingine 4 za msimbo 3. Nani kauza zaidi? Hapo ndipo wale jamaa wa "futa" walikuwa wananisubiri.

Nikapata akili. Safu ya q14d ilionekana ni fedha walizopata kwa kuuza. Nikasema, kipimo kinaweza kujificha lakini bei haijifichi. Nikagawanya fedha kwa kiasi, maharage peke yake, mwezi mmoja peke yake ili msimu usinidanganye, nikapanga kuanzia ndogo kwenda kubwa. Msimbo 1 ulikaa pake, bei ya kilo kabisa. Msimbo 3 ulikuwa juu, nikajua ni debe. Msimbo 5 uliangukia katikati, na hapo nikacheka peke yangu usiku, maana kila mtu wa Moshi anajua ni nini kilicho kikubwa kuliko kilo na kidogo kuliko debe: kisado. Lile kopo la rangi la lita 4.

Ila hesabu haikukubali. Debe ni lita 20, kwa hiyo ni visado vitano, na bei ya debe ilipaswa kuwa mara tano ya kisado. Kwenye faili ilikuwa kama mara nne. Nikageuza hivi, nikageuza vile. Nikajaribu mahindi, yakatoka hivyohivyo. Mtu mwingine angeandika "kisado ni robo ya debe" akaenda kulala, na takwimu ingeonekana nzuri kabisa. Mimi nikaona hapana, lazima nimpate mtu aliyeshika kalamu siku ile.

Majina ya wadadisi hayakuwemo, kulikuwa na namba tu, 01 mpaka 08. Lakini mwisho kabisa wa faili, mahali ambapo watu hawafiki, kulikuwa na safu ya maoni ya mdadisi. Wengi waliandika "sawa" au hawakuandika kitu. Namba 06 alikuwa anaandika kama anamwandikia dada yake. "Mzee amekataa kusema idadi ya ng'ombe mpaka mkewe atoke nje." "Mvua kubwa, dodoso limelowa ukurasa wa pili." Halafu nikakuta hii: "Nimekosa Noah ya kurudi mjini, nimelala Umbwe kwa shangazi." Nilitamani kumkumbatia mtu.

Nikapanda Umbwe Jumamosi. Ukienda kuulizia mtu kijijini usianze na ofisi ya mtendaji, anza na duka lenye benchi. Nikaagiza soda, nikawasalimu wazee, nikauliza kama kuna familia yenye binti aliyewahi kufanya kazi ya kuhoji watu na ule mradi wa magari meupe. Meku mmoja, yaani mzee wa Kichaga, akanitazama toka viatuni hadi kichwani. "Unamdai?" Nikasema simdai. "Unamposa?" Nikasema nina mke. Akaridhika, akanionyesha nyumba. Shangazi akaniambia binti yuko Mbuyuni sokoni, anauza nafaka.

Nilipomkuta na kumsomea ule mstari wa Noah alipiga kelele mpaka jirani zake wakageuka. "Kaka, hayo maneno kuna mtu aliyasoma?" Nikamwambia nimeyasoma yote. Akanivutia kigoda. Nikamuuliza habari ya msimbo 5, akajibu bila kufikiri kwamba ni kisado, na 7 ni mkungu wa ndizi. Nikamweleza fumbo langu la mara nne.

Hakujibu kwa maneno. Aliinama chini ya meza akatoa visado viwili, akaviweka mbele yangu. Kwa juu ni mapacha. Akavigeuza. Kimoja kitako chake kilikuwa sawa, cha pili kilikuwa kimegongwa na nyundo kikabonyea kwa ndani kama sahani ya kina. "Hiki cha kununulia, hiki cha kuuzia," akasema, kisha akaapa kwamba cha pili si chake, kaazima. Akajaza kile kizima maharage mpaka yakasimama kilima na kumwagika pembeni, akapeleka kwenye mizani ya jirani: karibu kilo tatu na nusu. Akapangusa juu kwa kiganja, akapima tena: tatu na kidogo. Kile kilichobonyea sikitaji, wafanyabiashara wa Mbuyuni ni watu wangu.

"Sasa mkulima," akaendelea, "debe anamuuzia mchuuzi anayekuja na gari, kwa bei ya jumla. Kisado anamuuzia jirani, rejareja. Bei ya kisado lazima iwe juu." Ndiyo hiyo mara nne iliyonikosesha usingizi. Visado vitano ndani ya debe ni kweli, na bei mara nne ni kweli, kila kimoja kwa nafasi yake. Kiasi nikakibadilisha kwa ujazo, bei nikaiacha ilivyo. Nikamnunulia chai na chapati, nikaondoka na maharage nisiyoyahitaji. Gharama ya safari nzima, soda na vocha pamoja, sijui, haikufika laki moja.

Akanipa na kingine nilichokuwa sijauliza. Kaya zilizohojiwa mwishoni mwa Desemba zilikuwa na watu wengi ajabu, na kuna aliyenishauri nizipunguze ziende na wastani. Namba 06 akacheka. Desemba! Wachaga wote wako nyumbani, nyumba moja ina magari manne uani na watoto wamelala sebuleni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro, na waliohesabiwa katika kila nyumba ni waliolala pale usiku wa kuamkia Agosti 23. Ingefanywa usiku wa kuamkia Krismasi, tungeipita mikoa ya watu. Sikupunguza mtu. Niliweka safu ya tarehe ya mahojiano mbele kabisa, pembeni ya idadi ya watu, ili anayesoma asiweze kujifanya hakuiona.

Sasa nifike kwa akina mama, maana ndilo lililokuwa lengo. Kwenye idadi ya miti ya kahawa kulikuwa na sifuri nyingi kupita kiasi. Mlimani kwetu, kihamba, lile shamba la nyumbani, bila hata mti mmoja wa kahawa? Zipo kaya ziling'oa, ndiyo, bei ilipoanguka watu waling'oa wakapanda nyanya na ndizi. Lakini si kiasi kile. Washauri: futa. Nikazipanga kwa jinsia ya aliyejibu, na picha ikajitokeza yenyewe. Wanaume walitaja miti kwa mamia. Sifuri zilikuwa za wanawake.

Nikaenda kwenye safu za pembejeo. Hao wenye sifuri, wengi wamenunua mrututu, ile dawa ya kupulizia kahawa. Sawa, mrututu unapigwa hata kwenye nyanya. Nikaenda kwenye safu za kazi: siku za kuchuma kahawa, wamechuma. Kahawa ya wapi, mbinguni?

Nilipanda na swali hilo kwenye kikundi. Mama mmoja mtu mzima, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alinijibu kama anamfundisha mtoto: "Yule binti aliniuliza, mama, una miti mingapi ya kahawa. Mimi sina kahawa. Kahawa ni ya baba watoto. Mimi nina migomba." Wenzake wakaitikia kwa vicheko. Alipalilia, alichuma, alibeba mgongoni mpaka kwenye mashine ya kukobolea, na alipoulizwa alisema kweli: hana. Sifuri yake haikuwa kosa la mtu yeyote. Ndiyo hasa hoja yao ya kuandikishwa chamani, na ilikuwa imekaa kwenye faili miaka yote hiyo ikingoja kufutwa.

Sikuibadilisha. Jibu la mtu huligusi. Niliongeza safu tatu pembeni yake, aliyejibu ni mwanamke au mwanaume, alichuma au hakuchuma, alinunua dawa au hakununua, na ukurasa uliopelekwa kwenye kikao cha chama ulikuwa na hizo tu. Wazee walibishana nao karibu saa nzima, lakini hakuna aliyesema ni uongo. Mmoja alisimama akasema kwake si hivyo, mkewe akiwa amekaa nyuma yake anatikisa kichwa.

Kuhusu majina, hapa sina mchezo. Majina na simu viliondoka siku ya kwanza, na tangu Mei 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, kwa hiyo wanaorushiana mafaili ya namna hii WhatsApp wajue. Lakini jina kulifuta peke yake ni danganya toto. Zile tafiti za afya za DHS husogeza makusudi alama ya eneo kwenye ramani ili waliohojiwa wasijulikane, mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na chache za vijijini hadi 10. Mimi nikaona kwetu kilomita 5 ni kutoka kwa mjomba kwenda kwa baba mdogo, nikaziondoa alama zote. Vitongoji nikavifuta, ikabaki kata. Bado kulikuwa na mjane mwenye ng'ombe wa maziwa wanne na mtoto Kanada. Mtu yeyote wa pale akisoma hivyo anakutajia na rangi ya geti. Kanada ikawa "nje ya nchi", ng'ombe wanne wakawa "watatu au zaidi". Kila faili la vijijini lina watu wa namna hiyo, watafute wewe kabla jirani hajawatafuta.

Tangu habari zienee, wale walioniambia nifute wanapiga simu kuomba faili. Mmoja ameshapiga mara kadhaa, ana andiko lake la chuo. Nimewaambia utaratibu: barua kwa mwenyekiti wa kikundi, ieleze data inatakiwa kwa kazi gani, na matokeo yarudi kijijini kwa Kiswahili. Mwenyekiti akikubali, analitoa yeye pamoja na karatasi ya misimbo, kipimo cha kisado kimeandikwa kwa wino mwekundu. Yule wa andiko bado hajaandika barua. Anasema mwenyekiti hana barua pepe.