Mama Tsehay na komeo la mlango

Jana baada ya ibada, nikisubiri kivuko pale Kamanga, nilimuwaza Mchungaji Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Mekane Yesus, Walutheri wenzetu wa Ethiopia. Enzi za Derg, utawala wa kijeshi wa huko, walimkamata, wakamwachia. Akapata nafasi ya kukimbilia nje, akakataa kuliacha kundi. Tarehe 28 Julai 1979 alitoka kuongoza ibada Addis Ababa, wakamteka.

Mkewe, Tsehay Tolessa, naye akafungwa karibu miaka 10. Mwili wa mumewe ulipatikana mwaka 1992, utawala ule umeshaanguka.

Nakwama kwa mama huyu. Marehemu baba alikuwa mwinjilisti. Akichelewa kurudi kutoka Sengerema, mama hakufunga komeo wala kuepua sufuria. Sisi watoto tulilala tukisikiliza hatua zake.