Usiku wa porti moja yenye majina mawili

Mwaka 1997 tulikuwa na seva moja ya Linux, modemu moja na laini moja ya simu, basi, na mimi ndo nilikuwa mtu wa mashine. Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo, wenzetu wakiwa nyumbani wapige simu waingie kwenye seva, afu kila saa seva yenyewe ipige nje kwa UUCP, programu ya kubadilishana barua na mashine nyingine kwa simu, ikachukue barua pepe. Porti, yaani tundu la seva linalochomekwa modemu, ni hiyohiyo.

Nilishasoma kwamba porti siku hizo ilikuwa na majina mawili, /dev/ttyS0 ya kupokea na /dev/cua0 ya kupigia nje. Getty, ile programu inayomkaribisha anayepiga aandike jina na paswedi, akifungua ttyS0 anakwama hapohapo mpaka waya wa DCD uwake, yaani mpaka modemu iseme imeshapata mwenzake upande wa pili, ila cua0 haisubiri chochote, unafungua unapiga. Getty kalala kwenye jina moja, wewe unapita kwa jina la pili, kerneli, ndo moyo wa Linux, inawaamua. Niliupenda sana huo mpango na mpaka leo naona aliyeuwaza aliwaza vizuri.

Nikawasha, taa za modemu zikaanza kupepesa bila kukoma na hakuna mtu aliyepiga simu. Saa nzima nahangaika. Kumbe modemu ilikuwa imesetiwa DCD iwake muda wote, getty anaona kuna mgeni anaandika login:, modemu nayo inamrudishia maneno yaleyale, yeye anayachukua kama jina la mtu anauliza paswedi, ndo hivyo wanazungushana. Na kwa kuwa ttyS0 tayari imeshikwa, kila nikigusa cua0 najibiwa "Device or resource busy".

Nikamzima getty nikaingia kwa minicom, programu ya kuongea na modemu moja kwa moja, nikaandika amri AT&C1&D2E0&W. Hiyo &C1 msiichukulie poa jamani, ndo inafanya DCD ifuate simu ya kweli, bila hiyo mtu simu ikimkatikia kabla hajatoka seva haijui kama kaondoka na anayepiga baada yake anaangukia ndani ya kikao cha mwenzake, anasoma barua zake, anafuta mafaili yake. &D2 ni kwamba seva ikishusha DTR, waya wa seva kusema iko tayari, modemu ikate simu, E0 iache kurudisha maneno.

Hapo ikatulia, ila modemu ilikuwa inapokea simu yenyewe hata seva ikiwa imeganda, mtu analipia simu bure. Nikaweka mgetty, getty nyingine aliyoiandika Gert Doering, ambayo inasubiri modemu iseme RING simu ikiita, afu yenyewe ndo inaiambia modemu ATA, yaani pokea. Kupokea kukawa safi kabisa. Kupiga nje kukafa, busy tena, usiku umeshaenda na UUCP imeshakosa saa tatu mfululizo.

Nilikuja kuelewa nikisoma maelezo yake taratibu. Mgetty haikwami kusubiri DCD, inafungua ttyS0 moja kwa moja, kwa hiyo kwa kerneli porti ina mtu na cua0 inakataliwa kila mara. Yenyewe inategemea faili la kufuli, /var/lock/LCK..ttyS0, ndani yake kuna namba ya prosesi iliyoshika laini. Herufi ikitokea kwenye laini mgetty haikimbilii kuisoma, inaangalia kwanza kufuli, ikikuta la mwingine aliye hai inakaa pembeni mpaka aondoke, ikikuta mwenyewe alishakufa inalifuta. Sasa UUCP yangu ingefunga LCK..cua0 na mgetty inaangalia LCK..ttyS0, wangeonanaje? Dawa ni wote watumie jina moja. Nikabadilisha faili la porti la UUCP, nikabadilisha minicom, kila mahali /dev/ttyS0. (Kerneli 2.2 ilipotoka Januari 1999 ikawa inatoa onyo kabisa ukitumia cua.)

Saa ilipogonga nimekaa mbele ya modemu. Ikapiga, ikalia ile milio yake, barua zikashuka, ikakata, mgetty ikaisafisha modemu ikarudi kusubiri. Asubuhi na mapema mwenzangu akapiga toka kwake akapata login: mara ya kwanza tu. Nikachukua karatasi nikaandika TTYS0 TU, CUA MARUFUKU, nikaibandika juu ya modemu ndo nikaenda kulala.