Zawadi ya Kuazima

Wiki ile nzima cherehani yangu ilikuwa inatafuna kitambaa chekundu tu. Siku ya Wapendanao ya mwaka 2020 ilikuwa Ijumaa, na wasichana wa Kirumba, hapa Mwanza, walikuwa wamekubaliana kwamba tarehe 14 Februari hakuna kuonekana na rangi nyingine. Nilishona magauni tisa, sketi nne, na blauzi moja ya mama mtu mzima aliyenisihi nisimwambie mtu. Vipande vilivyobaki nikavirundika kwenye ndoo chini ya meza. Havikuwa taka. Tangu mifuko ya plastiki, rambo, ipigwe marufuku, Juni 1, 2019, kipande cha kitambaa kilikuwa kimepanda cheo. Nilikuwa naviunga vipande na kushona mifuko ya sokoni, nauza elfu moja moja, na kuna miezi mifuko ndiyo ilinilipia kodi ya fremu, siyo magauni.

Mimi mwenyewe sikujishonea kitu. Kinyozi hajinyoi.

Mume wangu alikuwa karani kwenye soko la samaki la Mwaloni, kazi yake kuandika magunia ya dagaa yanapopimwa na kupakiwa. Alikuwa akirudi jioni, harufu inatangulia, yeye anafuata. Ananiita Fundi, nami namwita Karani. Waliotusikia walidhani ni utani wa mapenzi, na ulikuwa utani kweli, ila chanzo chake tulikijua wawili. Miaka minne ya ndoa, na mtoto wa kunifanya niitwe Mama Fulani hakuwepo. Wifi yangu mmoja aliwahi kuniuliza msibani, mbele za watu, kama kwetu Magu wanawake huwa wanachelewa.

Nilitaka waridi. Niseme ukweli, maana baadaye nilijifanya sikutaka. Jirani yangu wa fremu ya pili alikuwa ameletewa moja tangu asubuhi, limefungwa kwenye nailoni inayometameta, na kila mteja aliyeingia kwake alilazimika kulisifu. Kwa Karani nilikuwa nimelidokeza mara mbili. Mara ya pili sikudokeza, nilisema.

Saa kumi akaja na kitu kimefungwa kwa gazeti. Nikakifungua kwa mikono yenye chaki. Kitabu, kinene kama tofali, jalada limechubuka pembe zote, na ukurasa wa kwanza una jina la mtu mwingine kwa wino wa buluu.

"Hiki cha nani?"

"Cha mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa Ukerewe, mteja wetu wa dagaa. Katuazima mpaka Pasaka."

"Zawadi unaniletea ya kuazima?"

"Kwani waridi lingekaa mpaka lini?"

Ndivyo alivyo. Anajibu kama anafunga hesabu. Akanieleza kwamba mzee yule alikuwa anamlilia mwandishi Kezilahabi, aliyefariki Januari 9 mwaka ule, anasema kisiwa chao kimepata pengo. Karani akakiri kwamba hajawahi kumsoma Mkerewe hata mmoja. Mzee akaona aibu kwa niaba yake, kesho yake akamletea kitabu cha Mkerewe mwingine, Aniceti Kitereza: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Jina refu kuliko treni ya mizigo.

"Kinahusu nini?"

Hapo akasita, na Karani si mtu wa kusita. "Mke na mume wa Ukerewe, zamani. Wanapendana. Ila… ndugu wa mume wanamsimanga mke kwa sababu hajapata mtoto."

Nikaweka mkasi mezani. Nakumbuka niliuweka taratibu sana.

"Wenzangu wanapewa maua," nikasema, "mimi naletewa utasa uliopigwa chapa."

Jirani wa waridi akachungulia, akarudisha kichwa. Karani hakupandisha sauti. Alivuta kigoda akakaa, magoti yake yakagusa ndoo ya vipande. "Fundi, sijakuletea hilo. Wazazi wa mke wanakuja kumchukua mtoto wao, wanaondoka naye. Mume angeweza kuoa mwingine kesho yake, hakuna ambaye angemlaumu. Yeye anafunga safari kumfuata. Hapo ndipo nilipofika. Nikasema siendelei peke yangu."

Sikumjibu. Lakini nilifunga fremu mapema.

Nyumbani Kitangiri nilikaanga sato wawili, nikasonga ugali, nikaujaza kwenye hotipoti, chai kwenye chupa. Vyote ndani ya kikapu cha ukindu, na kitabu juu, kimeviringishwa kwa kanga kisishike mafuta. Tukatembea kwa miguu, tukapita Furahisha, tukaingia mjini mpaka ufukweni kwenye Jiwe la Bismarck. Njiani akawa ananipa habari za mwandishi: kwamba alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, hakuna aliyekichapa, akakaa nacho, mwisho akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilitoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano mtu analea mswada! Nikafikiri, na huyu naye watu walikuwa wakimuuliza lini, lini.

Ufukwe ulikuwa mwekundu kwa watu. Wapenzi wanapigana picha jiwe likiwa nyuma yao, na mengine ya magauni yale niliyajua mpaka upande wenye pindo bovu. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda mwaka ule, yamemeza mawe ambayo zamani tulikuwa tunakalia. Pembeni, kwenye gugu maji, ilikuwa imenasa nailoni ya waridi na utepe wake bado umefungwa vizuri. Karani akatafuta kijiti, akainama, akaivuta, akaikung'uta, akaitia kwenye kikapu. Kijana mmoja akacheka: "Kaka, leo Valentain unaokota taka?" Nilitamani jiwe la Bismarck liniangukie. Sasa hivi nikikumbuka ndipo naona alivyokuwa amejilowesha viatu vya kazini, pea aliyokuwa nayo moja.

Tukala kwanza. Kisha akasoma.

Karani anasoma vibaya, anasoma kama anaita uzito wa magunia, kila sentensi inaishia juu. Lakini alipofika kwa baba mkwe nikasogea. Maana mzee yule hakumrudisha binti hivihivi. Anamtoza mkwewe pombe ya ndizi, na Myombekere hana budi kurudi kwao kuitafuta. Mambo ya kukusanya ndizi na kukopa msaada wa jirani yameelezwa polepole, hatua kwa hatua, mpaka ukadhani mwandishi anataka ukapike mwenyewe.

"Na wewe ungeleta?" nikamuuliza.

Akainua macho. "Kwa baba yako Magu? Magu ndizi nitazitoa wapi? Pale ningetozwa mihogo."

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikajikuta silii wala sicheki, nimeshika tu ukosi wa shati lake lenye magamba ya dagaa. Hakusema kitu. Akawasha tochi ya simu, akaendelea na mitungi ya pombe.

Betri ikaisha saa mbili kasoro. Kitabu cha watu hakikunjwi pembe, kwa hiyo nikachomoa uzi mwekundu uliokuwa umenasa kwenye kanga, nikauweka katikati ya kurasa.

Pasaka hatukukirudisha, hatukuwa tumemaliza. Kilirudi kwa mwalimu mwezi Agosti, kimevaa jalada nililokishonea kwa vile vipande vya ndooni, jekundu lenye mishono kumi na nane. Uzi nilisahau kuutoa. Uko palepale, kwa baba mkwe.