Siku moja na makoti ya mvua ya watu wa porini

Saa kumi na moja alfajiri mvua inagonga bati, nami naamka. Hapa Tabora mvua za Novemba zikishika, mkulima anashukuru kwa ajili ya mahindi yake, na mimi najua wateja wanakuja. Nawasha jiko la mkaa, nabandika sufuria ya maji, na ndani yake naweka bakuli la nta ya kupaka makoti ya mvua. Nta haiwekwi motoni moja kwa moja, maana inashika moto. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, joto ambalo maji yanalifikia bila tabu. Ni nta ya nyuki wa miombo yetu, nanunua kwa warina asali, kisha nachanganya na mishumaa ya dukani. Nta ya nyuki peke yake ikipoa inakakamaa na kuacha mistari kila penye mkunjo.

Saa moja kibanda kiko wazi, upande wa stesheni ya reli. Nauza na kushona makoti ya mvua. Bodaboda ndio wengi, na wananilisha, lakini kazi ninayoijua hasa ni ya watu wa porini: matraka wa vitalu vya uwindaji, askari wa wanyamapori, warina asali. Wapita njia wananiita mama mitumba. Ni kweli nafungua mabelo kama wengine. Ila koti likitoka kwenye belo, kwangu kazi ndiyo kwanza inaanza.

Marehemu baba yangu alikuwa traka Ugalla, enzi lile bado ni pori la akiba, kabla halijawa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Traka ndiye anayesoma nyayo, kwa hiyo ndiye anayetangulia. Kichaka kinafunguliwa na mwili wake, wengine wanapita palipokwisha kufunguka. Desemba moja alirudi nyumbani na koti la plastiki lililobaki kola na mgongo tu. Siku tatu baadaye tukampeleka hospitali na nimonia. Alipona, lakini kifua hakikurudi kama zamani. Tangu siku ile, nikishika koti naanza kuangalia mahali mwiba utakapoanzia.

Saa mbili hadi saa nne: zipu tatu, kofia moja iliyong'oka, na kijana wa bodaboda aliyetaka nimpunguzie mpaka bei ya kununulia.

Saa nne na kitu likasimama gari la kambi ya uwindaji. Akashuka baba mmoja mtu mzima, mnunuzi wa mahitaji ya kambi, simu mkononi.

"Mama, nataka makoti manane. Marefu, ya bluu, haya ya plastiki. Nipe bei ya jumla."

Nikamuuliza ni ya nani. Ya matraka. Wanaingia wapi? Vichakani, mto ukishajaa wanyama wanahamia kwenye vichaka vizito.

"Baba, bluu hapana," nikamwambia. "Mitego ya kunasia ndorobo, yaani mbung'o, inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu ndizo rangi zinazomvuta. Ukimvika traka koti la bluu umemvika mtego. Chukua kijani kilichofifia, au rangi ya udongo."

Akaniangalia. "Kwani mama umewahi kuwinda?"

"Sijawahi. Nimefua makoti ya aliyewinda."

Nikamweleza na urefu. Koti linalofika magotini ni zuri kwa anayesubiri treni. Kichakani pindo linashika kila kijiti, na anayetembea anajivuta mwenyewe siku nzima. Linatakiwa liishie chini kidogo ya kiuno, halafu miguuni avae suruali ya mvua au soksi za turubai zinazofunika gambuti. Akasema marefu yanaziba mwili wote kwa bei moja.

Basi nikampeleka kwenye nguzo. Pale nimepigilia tawi la mgunga lenye miiba mirefu, na kila koti linalotoka kwangu linapita hapo kwanza. Nikavuta mkono wa koti la plastiki alilolitaka: ukachanika kutoka kiwiko hadi kiganja kwa mvuto mmoja. Nikavuta nailoni nyepesi ya mjini: matundu manne. Nikavuta nailoni nzito: mikwaruzo tu. Unene wa uzi unapimwa kwa denia, yaani mita 9,000 za uzi zina uzito wa gramu ngapi. Makoti mepesi ya kutembelea ni denia 20 au 40. Mabegani na mikononi pa mtu wa kichakani nataka 500, na sishuki chini ya 200.

"Sasa sikiliza," nikamwambia, nikasugua ile nailoni nzito sikioni kwake. Ilikwaruza. Mnyama anaisikia kabla traka hajamwona. Ndiyo maana napenda turubai la pamba lililopakwa nta: halina kelele, mwiba unateleza juu yake, na likichubuka linapakwa upya palepale kambini. Nikamwambia na ubaya wake, maana sifichi. Ni zito, lina joto, na warina asali siwauzii kabisa. Mmoja alinirudishia akisema nyuki walimfuata nalo mpaka nyumbani. Koti la mpira nalo linazuia maji kuliko yote. Vitambaa viwili na mpira katikati, ufundi ambao Charles Macintosh aliusajili Uingereza mwaka 1823. Lakini unalowa jasho lako mwenyewe.

Hapo akaenda garini akaja na koti lake, zawadi ya mgeni wa Ulaya, la ule utando unaopitisha mvuke na kuzuia matone. "Kwa nini huna kama hili?" Nikalishika kwa heshima, kwa sababu ni kazi nzuri. Ila kitambaa cha nje kilikuwa chembamba, na mikononi lilikuwa limebandikwa viraka saba vya gundi. Tena utando huo unafanya kazi vizuri pale hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya ndani ya koti. Katikati ya masika yetu, hewa yenyewe imeshiba maji, mvuke wa mwilini unatoka polepole. Zipu ndefu ya kwapani ingemsaidia zaidi.

Akaenda kwa jirani. Akarudi. Akapiga simu. Akanywa chai, akaenda tena. Saa saba ikapita tukiwa kwenye bei ileile, wateja wangu wengine wakisimama na kuondoka. Halafu akasema neno ambalo bado liko kifuani: "Matraka wenyewe ni wa msimu, mama. Koti litadumu kuliko kazi yao."

Nikaweka sindano chini. Sikumjibu, kwa sababu ningejibu vibaya.

Kijana aliyekuwa amekaa nyuma ya gari muda wote huo akashuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akakunja mikono ya shati. Makovu, mapya juu ya ya zamani, kuanzia viwiko hadi viganjani, mikono yote miwili. "Naomba mikono iwe mizito," akasema. "Matawi nasukuma kwa hapa. Na kofia isizibe masikio, nikiivaa sisikii nyuma yangu." Bosi wake akatazama ile mikono, akatazama pembeni. Akanunua matano ya turubai. Matatu akachukua ya plastiki kwa jirani. Gari linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na yote matano yanataka mikono ya kitambaa maradufu.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Nilikata, nikashona, nikala embe moja nimesimama. Turubai nalishona kwa uzi wa pamba kwa sababu ukilowa unavimba na kuziba tundu la sindano. Uzi wa nailoni haufanyi hivyo. Mshono wa bega nausogeza kuelekea mgongoni, maana mshono ulio juu ya bega ndio unaolala chini ya mkanda wa begi au bunduki na kuvuja wa kwanza. Kila mshono nausugua nta ya moto, halafu natengeneza kama mfuko, natia maji, nasubiri. Koti la tatu lilitoa tone. Nikafumua, nikaanza upya. Vidole vilikuwa havifungi vizuri. Umeme ukakatika, nikawasha taa ya simu na kuiegemeza kwenye cherehani. Mvua ikarudi.

Yule kijana alikuja usiku kuchukua mzigo. Akayahesabu matano, akauliza polepole wale watatu wengine watafanyaje. Nilikuwa na kipande cha hema kuukuu, kizito, kimebaki kutoka kazi nyingine. Nikakata mikono sita mitupu, kutoka kiwiko hadi kiganja, nikatia lastiki juu na chini. Wataivaa juu ya plastiki. Haitawafunika mapaja, lakini itaokoa mikono.

Akauliza bei. Nikamwambia msimu ukiisha aniletee makoti yote manane jinsi yatakavyokuwa, hata yakiwa matambara, nione miiba imeanzia wapi.